Karte haichimbi shimo

Tangu habari ya akili bandia imeingia katika telefone zetu, kuna ulizo moja tunalisikia kila fasi: kwenye karieri, sokoni, mpaka kwenye mulango wa lupitalo. Mama mwenye mutoto wa SS anauliza: «Wanasema mashini imeshajua proteini zote za mwili. Basi mutoto wangu atapona lini?»

Ulizo lile ni la haki. Hatutaki kulicheka, wala kulijibu mbio mbio. Leo tunataka kulifungua polepole, sawa vile mutu anafungua mufuko wa madini mbele ya munuuzi, kila mumoja aone kilicho ndani.

Jibu letu njo hili: kazi ile mashini imefanya ni kubwa, tena ni ya kweli. Lakini ni karte. Na sisi watu wa madini tunajua kushinda wengine wote kama karte haichimbi shimo.

Tuanze na mwili wenyewe. Wengi wetu tukisikia proteini tunawaza paka nyama, samaki na maharagi. Si uongo, vyakula vile viko na proteini. Lakini ndani ya mwili proteini njo wafanyakazi. Moja inabeba hewa, ingine inavunja chakula, ingine inapigana na mikrobu, ingine inakaza misuli wakati unanyanyua nyundo. Kila proteini ni kama uzi mrefu wa shanga. Shanga zile wanaziita asidi amino, na aina zake ni 20 tu. Uzi ukiisha kutengenezwa haubaki wazi. Unajikunja wenyewe, unapata umbo, na umbo lile njo linaamua kazi. Ni kama ufunguo: chuma ni kile kile, lakini jino moja likipinda, mulango haufunguke.

Sasa tuangalie proteini moja ambayo kila famia yenye mutoto wa SS imeisikia jina: hemoglobini, ile inafanya damu kuwa nyekundu na inabeba hewa toka mapafu mpaka kwenye vidole vya miguu. Ina nyuzi 4: mbili za shanga 141, mbili za shanga 146. Jumla ni shanga 574. Kwa mutu wa SS, ule uzi wa shanga 146 uko na kosa moja: shanga ya 6 si ile inayopaswa. Fasi ya asidi glutamiki imeingia valini. Ni ile tu. Shanga moja kwa 146, na mutoto analia usiku muzima juu ya maumivu ya mifupa.

Namna gani shanga moja inaleta mateso yote yale? Hemoglobini ya SS ikiwa na hewa inafanya kazi yake bila shida. Lakini ikiisha kuishusha hewa ile kwenye mwili, ile shanga mbaya inakamata hemoglobini ya jirani, ya jirani inakamata ingine, mpaka zinakuwa kama vijiti virefu ndani ya selile ya damu. Selile inapoteza umbo lake la mviringo, inapinda kama mundu, inaziba mishipa midogo. Wenye kuteremka shimo wanajua vile mwili unakuwa wakati hewa inapungua kule chini. Mutoto wa SS anaweza kupata shida ile akiwa amekaa kwenye kiti, ndani ya nyumba. Njo maana munganga anasema: anywe maji mingi, asipate baridi, asichoke kupita kiasi, na homa ikimukamata asingoje kesho.

Mambo haya hayakujulikana jana. Mwaka wa 1949, Linus Pauling na wenzake kule California walionyesha kama ugonjwa wa SS unatoka kwa hemoglobini iliyobadilika. Mwaka wa 1956, Vernon Ingram kule Cambridge, Uingereza, akapata kama tofauti ni sehemu ndogo moja tu ya proteini ile. Na umbo la hemoglobini? Mutu mumoja anaitwa Max Perutz, muzaliwa wa Vienna, alianza kulitafuta mwaka wa 1937. Alitumia mionzi ya X, ndugu ya ile inapiga radio ya mifupa yetu lupitalo, akaipitisha katika fuwele za hemoglobini. Picha ya kwanza ya umbo aliipata mwaka wa 1959. Miaka 22 kwa proteini moja! Walimupa zawadi ya Nobel mwaka wa 1962.

Hapa njo tunaweza kuelewa juu ya nini dunia imeshangilia mashini hii. Mwaka wa 1972 Christian Anfinsen alipewa Nobel juu ya kuonyesha kama umbo la proteini limeandikwa tayari katika mupango wa shanga zake. Basi watu wakawaza: kama limeandikwa, tunaweza kulisoma bila kupiga mionzi miaka 22. Tangu mwaka wa 1994 wakawa na mashindano kila miaka miwili: unapewa mupango wa shanga, wewe unachora umbo, kisha wanalinganisha na lile lililopatikana kwa mikono. Miaka mingi, wachoraji walikuwa wanakosea mingi. Mwisho wa mwaka wa 2020, kundi la Demis Hassabis na John Jumper, wa kampuni DeepMind ya Google kule London, likaleta mashini yao AlphaFold 2. Kwa proteini nyingi, muchoro wake ulikaribia sana ule wa mikono. Mwaka wa 2022 wakaweka wazi, bure, michoro zaidi ya milioni 200. Tarehe 9 Oktoba 2024, Hassabis na Jumper wakapewa nusu ya Nobel ya kemia. Nusu ingine ilienda kwa David Baker wa Seattle, Marekani, mwenye kutengeneza kwa ordinatere proteini mupya ambazo hazikuwako duniani.

Mashini inafanya namna gani? Haina macho ya kuona ndani ya mwili. Inalinganisha. Inachukua proteini ileile kwa mutu, kwa panya, kwa samaki, kwa chachu ya mukate, na inaangalia. Ikiona kama kila mara shanga ya huku inabadilika, na shanga ya kule mbali nayo inabadilika, inaelewa kama zile mbili zinagusana wakati uzi umejikunja. Tena imefundishwa kwa maumbo karibu 170.000 ambayo watu walishapata kwa mikono na kuyaweka katika gala moja la wote, lililofunguliwa mwaka wa 1971. Tunataka hilo lisisahaulike. Mashini haikuokota akili njiani. Kuna wanaume na wanawake waliokaa maisha yao yote juu ya fuwele moja, na wakatoa walichopata bila kuuzisha. Mwenye kupewa sifa leo amesimama juu ya jasho la wachimbaji wa kwanza. Jambo lile sisi hatuhitaji kufundishwa.

Kuna kitu ingine tunapenda kwa mashini hii. Kila muchoro inautolea na namba, toka 0 mpaka 100, ya kusema: hapa nina hakika, hapa nabahatisha. Wachimbaji wanajua ile mashini ya kupima tenere kwenye depo, vile inatoa namba moja na munuuzi anasema «njo hiyo, ukatae ama ukubali». Mashini inayosema yenyewe fasi gani haina hakika, ile unaweza kufanya nayo kazi. Basi wenye kuitumia wasome namba ile mbele ya kushangilia, na sisi tusiogope kuuliza.

Sasa turudie kwa mama yetu na mutoto wake.

Mama, ukiipa mashini ile hemoglobini nzuri, itakuchorea umbo. Ukiipa hemoglobini ya SS, yenye ile shanga moja ya kosa, itakuchorea karibu umbo lilelile. Na haitakuwa imekosea sana, juu hemoglobini moja ya SS, peke yake, inafanana kweli na nzuri. Shida inaanza wakati ziko nyingi, hewa imepungua, na zinaanza kukamatana. Muchoro wa moja hauonyeshe vita ya nyingi. Ni kama kumupiga picha mutu mumoja ametulia, kisha kusema unajua fujo yote ya soko.

Na hata wakati umbo linajulikana vizuri, dawa haitoke peke yake. Mufano uko, na unatuhusu. Kulikuwa dawa ya SS inaitwa voxelotor. Haikutoka kwa akili bandia. Watafuti waliangalia umbo la hemoglobini lililopatikana kwa mikono, wakatengeneza kitu kinachokaa fasi yake na kuifanya ishike hewa, isikamatane. Kwa karatasi ilikuwa muzuri. Namba za damu zilipanda, na Marekani ikairuhusu mwaka wa 2019. Kisha, tarehe 25 Septemba 2024, kampuni Pfizer ikaiondoa katika dunia yote, sababu hesabu za wagonjwa zilionyesha kama maumivu makali na vifo havikuwa sawa kati ya waliokunywa dawa na wasiokunywa, na faida haikupita tena hatari. Siku 14 baadaye, dunia ikapiga makofi kwa zawadi ya maumbo ya proteini. Tunaweka tarehe zile mbili pembeni moja kwa nyingine, si juu ya kuharibu furaha ya mutu. Ni juu ya kukumbuka kama kati ya umbo na uponyaji kuna njia ndefu, na katika njia ile kuna wagonjwa wa kweli, wenye majina na wazazi.

Je, karte basi haina kazi? Iko nayo. Kule Oxford, watafuti wa maleria walihangaika miaka na proteini moja ya kidudu cha maleria, inaitwa Pfs48/45, ile inasaidia kidudu kuzaana ndani ya tumbo la mbu. Picha zao hazikuwa wazi. Walipounganisha kazi yao ya mionzi na muchoro wa AlphaFold, umbo nzima likaonekana, wakalitangaza mwaka wa 2022. Sasa wanajua fasi gani ya kulenga wakitengeneza chanjo ya kuzuia mbu asipeleke maleria toka mutu mumoja mpaka kwa mwingine. Chanjo ile bado haijafika katika mukono wa mutoto wako. Lakini wachimbaji wanaelewa: mwenye kujua fasi ya mushipa wa madini hapotezi miezi mitatu akichimba udongo mutupu.

Kwa hiyo, sisi tunasema mambo tatu.

La kwanza: mujihazari na wauzaji. Watakuja, wengine wameshakuja, na chupa ama poda, wakisema imetoka kwa akili bandia na inaponyesha SS. Hakuna dawa ya namna ile. Mutu akikuambia achana na lupitalo, mashini yake inajua, ule anataka feza yako, na mutoto wako njo atalipa. Tena tusikubali lile neno lingine la zamani, la kusema mutoto wa SS ni kazi ya bulozi, ama mama yake njo alileta mikosi. SS inatoka kwa wazazi wote wawili sawasawa. Baba AS na mama AS wanaweza kuwa na nguvu zao zote, wasijue kitu. Lakini kila mimba, nafasi ni 1 kwa 4 ya kuzaa mutoto wa SS. Hesabu ile haijue nani alilipa mahari. Vijana wanaotaka kuoana, mupimishe damu mbele, bila haya. Na baba mwenye kufukuza muke juu ya ugonjwa huu, ajue amefukuza nusu tu ya sababu. Nusu ingine imebaki naye ndani ya nyumba.

La pili: tusingojee mashini wakati kuna kitu tayari. Tone moja la damu kwenye kisigino cha mutoto aliyezaliwa jana linatosha kujua kama ni SS. Ukijua mapema, unamupa penisilini kila siku mpaka afikishe miaka 5, unamukinga na maleria, unakamilisha chanjo zake. Kuna tena hidroksiurea, dawa ya kumeza, ya zamani. Watafuti waliijaribu kwa watoto zaidi ya 600 katika inchi nne za Afrika: Angola, Uganda, Kenya, na inchi yetu, kule Kinshasa, pamoja na munganga Léon Tshilolo. Walichopata kilitangazwa wazi: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, maleria ilipungua, na vifo vilipungua. Kazi ile ilifanywa kwa damu ya watoto wetu, na waganga wetu wakiwa ndani. Haikuhitaji AlphaFold. Ilihitaji munganga, kipimo cha damu kila mara, dawa isiyokatika, na muzazi mwenye kuambiwa ukweli.

Wengi wa watoto wa SS wasiopata uangalizi ule hawafikishe miaka 5. Tangu 1957 kosa limejulikana shanga kwa shanga. Kama mutoto anakufa leo kwenye kitongoji chetu, hafe juu ya umbo la proteini kukosa kujulikana. Anakufa juu hakuna aliyemupima.

La tatu ni la feza, na hapa tunawageukia wenye kusaini. Kodi ya madini ya mwaka wa 2018 inasema kila kampuni yenye kuchimba itoe 0,3% ya mauzo yake juu ya maendeleo ya watu wanaokaa karibu na karieri. Inasema tena kama katika feza ya redevansi, 50% inaenda Kinshasa, 25% kwa provensi, 15% kwa entite zetu za chini, na 10% kwa mufuko wa vizazi vinavyokuja, juu ya siku madini itakuwa imekwisha. Tufanye hesabu pamoja. Kampuni ikiuzisha shaba na kobalti ya dolare miliari moja kwa mwaka, 0,3% ni dolare milioni 3. Tuweke kama kupima mutoto mumoja, pamoja na kumulipa mufanyakazi na usafiri, ni dolare 10. Milioni 3 inapima watoto 300.000. Hatuseme feza yote iende kule. Barabara tunaitaka, maji tunayataka, masomo tunayataka. Tunasema paka: mukikaa tena kuandika kaye de sharje, wekeni ndani mustari mumoja, kila mutoto anayezaliwa kwenye maternite zetu apimwe SS, na hidroksiurea isikosekane kwenye lupitalo. Machifu, wawakilishi wa vitongoji, wamama wa soko, mukiitwa kwenye mukutano ule, mufike na mustari ule mukononi.

Na mustari wa pili, juu ya vijana. Ile michoro milioni 200 iko wazi kwa wote. Mwanafunzi wa Kolwezi, wa Likasi, wa Kipushi, akiwa na intaneti, anaweza kufungua leo umbo lilelile linalofunguliwa na profesere wa London. Hakuna atakayemwuliza paseporti. Lakini atafungua na nini, kama umeme unakatika? Atauliza nani, kama mwalimu wa biolojia hayuko? Atahakikisha wapi, kama labo haina hata friji ya kutunza damu? Kitu kinaitwa cha bure, kumbe wenye kukichukua ni wale wenye mukokoteni tayari. Shaba yetu iko ndani ya nyaya za ordinatere zile, kobalti yetu iko ndani ya betri za telefone zinazotuletea habari yenyewe. Si mingi kuomba kama sehemu ndogo ya madini ile irudi ikiwa labo moja, mwalimu mumoja, na bursi kwa vijana wachache wa famia za wachimbaji, wajifunze kusoma damu yetu. Juu ya ugonjwa wa SS, hakuna aliye na haraka kama sisi. Wengine wakiutafuta, tuwashukuru. Lakini mutu halali usingizi akingojea jirani amuchimbie kisima.

Mama uliyeuliza, hatuna tarehe ya kukupa. Mutu akikupa tarehe, anakudanganya. Kitu tunaweza kukuambia ni hiki: umupeleke mutoto apimwe, ushike karte yake ya lupitalo, uulize hidroksiurea kwa jina lake, na siku ya mukutano wa kitongoji uinue mukono. Siye wote tutakuwa nyuma yako.